Mahali pa kuweka skana ya filamu mezani

Kwa anayetaka kuhamishia negativu za zamani kwenye kompyuta hapa Mombasa, ni vyema skana iwekwe juu ya meza nzito isiyotikisika, mbali na dirisha linalopokea upepo wa bahari na, zaidi ya yote, isiwe chini ya feni ya dari, kwa kuwa punje moja ya vumbi kwenye negativu ya milimita 35 hutokea kama doa jeupe katika picha iliyokuzwa. Feni izimwe wakati wa kazi, hata kama joto la Kaskazi halivumiliki. Iachwe pia nafasi ya kutosha mbele na nyuma ya mashine, kwani katika baadhi ya skana kishikizo cha filamu hutokeza upande wa pili.