Kupima usikivu wa mtoto mchanga akiwa amelala

Kipimo hiki hakihitaji mtoto ajibu. Sauti inaingia sikioni, nasi tunanasa umeme unaopita kwenye neva ya kusikia hadi shina la ubongo. Umeme huo haufiki hata mikrovolti 1, kwa hiyo kazi yangu kubwa naifanya kabla sijawasha mashine.

Namwomba mama aje na mtoto mwenye njaa na usingizi, ila asimnyonyeshe kwanza. Nasafisha ngozi kwanza, maana kusugua humwamsha. Kwa jeli yenye chembechembe nasugua paji la uso, karibu na nywele zinapoanzia, kisha mfupa wa nyuma ya kila sikio, mpaka mafuta yote yatoke. Hapo nabandika elektrodi, vibandiko vyenye waya vinavyonasa umeme. Elektrodi ya nne, ya ardhi, naibandika shavuni. Ukinzani, yaani jinsi ngozi inavyouzuia umeme kufika kwenye elektrodi, uwe chini ya kilo-omu 5. Moja ikisoma 9, ibandue usugue upya. Usijidanganye kwamba itashuka yenyewe. Nyaya nazisuka pamoja kama ukili, zisidake umeme wa ukutani.

Sasa anyonye, alale fofofo.

Milio inayoingia sikioni naiweka 27.7 kwa sekunde, na mashine hutoa wastani wa majibu yake yote. Usiweke 25! Pale ambapo umeme wa ukutani huzunguka mara 50 kwa sekunde, utaenda sambamba na milio na kujirundika kwenye wastani. Milio 2000 hunitosha kwa kawaida: jibu la ubongo hurudi wakati uleule na kujijenga, makelele mengine hufutana.

Ninalolitafuta ni wimbi la tano, kilima cha tano kwenye grafu ya jibu hilo. Kwa sauti kubwa, mtoto mchanga hulitoa milisekunde 7 hivi baada ya mlio. Mtu mzima huwahi zaidi, kabla ya 6. Ukipunguza sauti, lazima lichelewe na lififie. Lisipochelewa, lishuku.

Siku moja, kwenye desibeli 30, nilipata wimbi zuri mno, nikakaribia kuandika kwamba anasikia. Nilirudia, halikuja. Nikabana mrija wa sauti kwa vidole, sikio lisipate kitu, na kilima kikatokea tena! Shingo ilikuwa imejikunja, misuli imekaza. Nikamwekea kitambaa chini ya mabega, nikangoja apumue taratibu, nikaanza upya. Tangu hapo kila kiwango napima mara mbili, na grafu zisipolaliana siandiki kitu.

Akiamka katikati, nasimamisha. Elektrodi zinabaki, mama anamnyonyesha tena, nami nangoja.