Mambo ya kuzingatia kabla ya kukutana na viambishi vya nomino za Kituruki

Anayejiandaa kwenda kusoma Uturuki asianze na orodha ya maneno. Aanze na mikia ya nomino, kwani hapo ndipo wengi wetu tulipokwama.

Irabu ya kiambishi hufuata irabu ya mwisho ya nomino: “evde” ni nyumbani, “okulda” ni shuleni. Hilo sikio litalizoea lenyewe. Usiitegemee “-ni” yetu, ambayo hubeba kwenda, kukaa na kutoka kwa pamoja. Mturuki huenda “eve”, hukaa “evde”, hutoka “evden”. Mpangilio nao haubadiliki: wingi, mwenye mali, kisha mahali, hivyo “kutoka kwenye nyumba zetu” ni neno moja tu, “evlerimizden”. Aliyezoea kusema mamangu na babake hatapata taabu na “evim”, nyumba yangu.

Taabu ipo kwenye nafsi ya pili na ya tatu, na hapa soma polepole. “Kabati lako” ni “dolabın”, na “kabati lake” ni “dolabı”. Kikija kiambishi cha mahali, nafsi ya tatu huchomeka “n” katikati, na yote mawili huwa “dolabında”. Mwaka wangu wa lugha tulilala watatu katika chumba kimoja cha bweni. Siku moja nilimwuliza mmoja wao ulipo ufunguo wa chumba, akaniandikia maneno mawili: “Anahtar dolabında.” Nikaelewa “kabatini mwake”, yaani mwa yule wa tatu, nikalifungua na kupekua hadi chini ya soksi, ndipo mwenyewe akaingia. Jaribu kujitetea kwa sarufi huku umeshika soksi za mtu! Ufunguo ulikuwa kabatini mwangu, juu ya daftari. Tangu siku hiyo naulizia kiwakilishi: “senin dolabında” ni lako, “onun dolabında” ni lake. Nomino inayoishia na irabu haina mtego huu, kwa kuwa “çantanda” ni mkobani mwako na “çantasında” ni mkobani mwake.

Angalia pia kwamba “evi” huweza kuwa “nyumba yake”, au nyumba mahususi inayotendwa, kama tunavyosema “ameinunua nyumba”; kitenzi ndicho kitakachoamua. “Su”, yaani maji, halifuati kanuni: maji yake ni “suyu”. Majina ya miji na watu hutengwa kwa apostrofi, “İstanbul'da”. Na mkataba wa chumba usiutie saini kabla hujauliza kila “n” iliyomo ni ya nani.