Namna ya Kusoma Mgawanyo wa Kiutawala wa Costa Rica

Anza na ngazi tatu zilizotajwa katika ibara ya 168 ya Katiba ya mwaka 1949: nchi imegawanywa katika mikoa, mikoa katika kantoni, na kantoni katika wilaya. Mikoa ni 7, nayo hufuata mpangilio maalumu unaofaa kukaririwa, yaani San José, Alajuela, Cartago, Heredia, Guanacaste, Puntarenas na Limón.

Ukishaujua mpangilio huo, msimbo wa posta wenye tarakimu 5 utausoma bila shida, kwa kuwa tarakimu ya kwanza huonyesha mkoa, mbili zinazofuata kantoni, na mbili za mwisho wilaya. Chukua 10203: 1 ni San José, 02 ni kantoni ya Escazú, na 03 ni wilaya ya San Rafael. Usitegemee jina peke yake, maana San Rafael ziko nyingi, na mojawapo, ile ya mkoani Heredia, ni kantoni kamili.

Ukitafuta mamlaka ya kushughulikia taka au kibali cha ujenzi, nenda kwenye manispaa ya kantoni, yenye meya na baraza wanaochaguliwa kila baada ya miaka 4. Usihangaike kumtafuta gavana wa mkoa, kwani mkoa hauna serikali yake. Kazi yake inayoonekana zaidi ni kuwa jimbo la uchaguzi, kwani wabunge 57 wa nchi nzima huchaguliwa kwa mikoa.