Namna ya kuliuza gemu la vita vya Zanzibar vya 1896

Mtu hununua gemu la mapigano ya kihistoria kwa sababu ya kazi atakayoifanya kwa mikono yake. Historia humfanya aamini, na humpa la kumsimulia mwenzake, lakini peke yake haimtoi mtu fedha mfukoni. Watengenezaji wengi wa kwetu huanza kinyume: ukurasa wa gemu unafunguka kwa aya tatu za Sayyid Barghash na karafuu, na msomaji hajajua bado kama atashika upanga, usukani wa jahazi au kalamu. Kabla ya aya ya nne amekwenda zake.

Tuchukue mfano mmoja tuende nao hadi mwisho. Ni gemu la kompyuta, mchezaji ni kijana mpeleka barua katika Mji Mkongwe, kuanzia 25 Agosti 1896 alipofariki Sultani Sayyid Hamad bin Thuwaini hadi asubuhi ya tarehe 27, manowari za Waingereza zilipolipiga kasri alimokuwa Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani bila ridhaa yao.

Sentensi ya kwanza

Andika sentensi moja yenye vitu vinne: mchezaji ni nani, anafanya nini, wapi, na nini kinambana. "Wewe ni mpeleka barua wa kasri: ruka mapaa, jifiche vichochoroni, uwapite askari wa pande mbili, na ufikishe barua kabla mizinga haijalia." Sasa futa vitenzi vyote. Kama kilichobaki bado kinaeleweka, hujaandika tangazo la gemu, umeandika kibao cha makumbusho. Sentensi hii ndiyo itakayokaa kwenye maelezo mafupi ya Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, ambako nafasi ni takriban herufi 300, na ndiyo utakayoirudia kwa kila mwandishi na kila mtiririshaji (anayecheza magemu mubashara mtandaoni watu wakitazama) bila kuibadilisha.

Kuna chambo kinachojiuza chenyewe: vita vifupi kuliko vyote katika historia. Kitumie, kwani wapenda historia wa nje wengi wanakijua na watakifuata. Ila kina miiba miwili. Wa kwanza ni hesabu. Wako wanaosema dakika 38, wako wanaosema 40, wako wanaosema 45, kwa sababu hawakubaliani mwisho uhesabiwe mzinga wa mwisho au bendera kushuka. Ukiandika 38 kwa herufi kubwa kwenye bango, maoni ya siku nzima yatakuwa ubishi wa dakika badala ya gemu. Andika "chini ya saa moja". Mwiba wa pili ni mzito zaidi: upande wa kasri waliouawa na kujeruhiwa walikuwa watu wapatao 500, na upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Kichekesho cha "vita vya kunywea chai" kitachekwa mtandaoni na kukuchomea nyumbani, na watu wa nyumbani ndio utakaohitaji wakutetee mtu akisema gemu lako ni la uongo.

Jambo jingine dogo linaloharibu trela nyingi: saa. Mizinga ilianza 9:02 kwa saa ya Kizungu, yaani saa 3 na dakika 2 asubuhi. Ukiweka "3:02" kwenye skrini, mtazamaji wa Ulaya ataelewa usiku wa manane na atashangaa jua limetoka wapi. Toleo la Kiswahili liandike saa 3:02 asubuhi, la Kiingereza 9:02, na maandishi hayo yakae kwenye faili la tafsiri, yasichomwe ndani ya picha. Yakishachomwa, kila lugha mpya inadai video mpya.

Makosa yatakayokamatwa siku ya kwanza

Picha moja ya skrini yenye kosa husambaa kuliko picha kumi nzuri. Kwa mwaka 1896, pitia haya kabla hujapandisha chochote.

Beit al-Ajaib, jumba la sherehe la Masultani, ilijengwa mwaka 1883, na mnara wa saa unaoonekana kwenye kadi za posta ulijengwa ukiungana nayo baada ya vita, mwaka 1897. Kabla ya hapo mnara mwingine ulisimama peke yake mbele ya jengo, na mabomu ndiyo yaliyoumaliza. Ukiweka saa usoni pa jengo umekosea, na hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote, maana wachoraji hunakili picha za watalii. Bustani ya Forodhani nayo haikuwapo. Ni ya miaka ya 1930. Bendera ya Sultani ni nyekundu tupu, isiyo na alama. Kanga yenye methali kwa herufi za Kilatini itoe kabisa. Taarabu ya bendi ndani ya mwaka huo ipime vizuri: Nadi Ikhwan Safaa, chama kikongwe cha taarabu hapa, kilianzishwa mwaka 1905. Na ukigeuza kamera kutazama Ng'ambo, hakikisha majumba ya Michenzani, yaliyojengwa baadaye sana, hayachomozi nyuma.

Picha za kasri lililobomoka zipo. Nenda Nyaraka za Taifa, Kilimani, uulize ada na masharti ya kutumia picha kibiashara, na upate jibu kwa maandishi. Picha ya zamani ikiwekwa kando ya picha ya gemu, pembe ileile, ndiyo kitu bora zaidi cha kuwapa waandishi wa historia. Kwa wapenda gemu watupu haifanyi kazi kubwa, kwa hiyo usiiweke ya kwanza.

Bango, kisha picha

Kwenye Steam mtu hukutana na bango dogo kabla ya kitu kingine. Vipimo vinavyotakiwa kwa pikseli: bango la juu 920 kwa 430, dogo 462 kwa 174, kuu 1232 kwa 706, la wima 748 kwa 896, la maktaba 600 kwa 900. Usichore moja ukalikata kupata mengine. Bango dogo lisomwe likiwa saizi ya kidole gumba: jina la gemu na umbo moja tu, kijana akiruka kati ya mapaa mawili na moshi nyuma yake. Mlango wa Kizanzibari wenye misumari ya shaba ni mzuri sana, lakini kwenye pikseli 174 unakuwa doa la hudhurungi. Sheria za Steam hazikubali maneno mengine kwenye bango zaidi ya jina la gemu na jina lake dogo. Sifa, tuzo na punguzo vitarudishwa.

Picha za skrini zisipungue tano, 1920 kwa 1080, na zote ziwe za mchezo wenyewe. Mpangilio unaofaa: ya kwanza kitendo kwenye mapaa, ya pili kujificha, ya tatu mapigano, ya nne mahali panapotambulika mara moja, ya tano uchaguzi au mazungumzo. Wengi huweka machweo ya Bandari ya Malindi kuwa ya kwanza. Hiyo inauza hoteli.

Trela

Sekunde 60 hadi 90. Nembo yako iende mwisho. Sekunde tano za mwanzo zionyeshe mchezo, kwa sababu ndizo zitakazoamua, na wengi watazitazama bila sauti: kwa hiyo kila neno muhimu liwe na manukuu.

Sauti za wahusika zirekodi kwa Kiswahili, manukuu yawe ya Kiingereza na Kiarabu. Mchezaji wa nje anayependa historia hupenda lugha ya mahali penyewe. Ghost of Tsushima, gemu lililotengenezwa na Wamarekani mwaka 2020, lilitoka na sauti za Kijapani zilizoteuliwa na wachezaji wengi. Faida yetu ni kwamba lugha hiyo ndiyo tunayoisema. Lakini iwe ya kwetu kweli. Baharia wa Pemba aseme Kipemba, mama wa Makunduchi aseme kama Makunduchi wanavyosema, na karani wa kasri awe na Kiunguja cha mjini. Ukichukua msomaji mmoja wa habari akasoma wote, Mzanzibari wa Maskati au London atakuwa wa kwanza kuzima.

Adhana isiwekwe juu ya mapigano wala kwenye muziki wa trela. Mji wa wakati huo ulisikika adhana, na ndani ya gemu inaweza kusikika kwa mbali katika utulivu. Ikichanganywa na ngoma na damu italeta malalamiko ya haki, na kuiondoa baada ya uzinduzi ni aibu na kazi. Kisomo cha Kurani usikiguse.

Muziki uwe umeulipia kwa mkataba unaotaja gemu, trela na matangazo ya moja kwa moja. Nyimbo za zamani za taarabu zina wenyewe hata kama kila redio inazipiga. Anza kuuliza COSOZA, chombo cha hakimiliki cha Zanzibar. Pia weka kitufe cha kuzima nyimbo zenye hatimiliki: mtiririshaji akinyamazishiwa video yake YouTube kwa sababu ya wimbo wako, hatakurudia.

Kujaribu nyumbani bila kudanganywa na adabu

Hapa ndipo penye kazi. Ukimuuliza mtu wa hapa "umelipenda?", atakujibu "zuri, mashaallah", na ataondoka akiwa amechoka. Hiyo ni heshima, si taarifa. Usiulize. Tazama mikono.

Chukua kompyuta na pedi mbili, uzungumze na mwenye kibanda cha pleisteshen, ulipe saa zake, na uwaachie vijana dakika 20 kila mmoja bila maelezo yoyote. Andika dakika aliyoweka pedi chini, mahali alipokufa mara tatu, na neno la kwanza alilomwambia rafiki yake. Vijana hawa wamezoea mpira, hawana subira na maandishi. Wakipita utangulizi wako, mgeni naye ataupita. Watu 12 hadi 15 wanatosha kukuonyesha makosa yaleyale yakijirudia. Uliza swali moja tu mwishoni: "Ungemwambia mwenzako hili ni gemu la nini?" Akijibu "la historia" tu, rudi kwenye sentensi yako. Akijibu "la kukimbia na barua, wanapigwa mizinga", umefika.

Kwa wazee fanya mbali, barazani, kwa picha zilizochapishwa. Mwonyeshe mzee picha moja moja umwache aseme. Atakwambia kilemba kimefungwa vibaya, jambia limekaa pasipo pake, au kanzu ile haivaliwi na mtu wa kazi ile. Hayo mtandao hautakwambia kwa upole.

Kalenda na fedha

Ada ya kuingiza gemu Steam ni dola 100, inayorudi gemu likiingiza dola 1,000. Baada ya kulipa lazima zipite siku 30 kabla ya kutoa, na ukurasa wa "Linakuja" ukae wazi wiki mbili kwa uchache. Hicho ni kiwango cha sheria, wala usikifanye mpango. Fungua ukurasa miezi sita hadi kumi na miwili kabla, kwa sababu kila anayekuweka kwenye orodha yake ya matamanio hupata barua pepe siku ya kutoka, na tena ukishusha bei kwa asilimia 20 au zaidi.

Tamasha la demo (kipande cha gemu cha kujaribu bure) la Steam, Next Fest, huja Februari, Juni na Oktoba, na gemu moja huingia mara moja tu. Ingia lile la mwisho kabla ya kutoka, demo ikiwa tayari, dakika 30 hivi, ikikatika pale mzinga wa kwanza unapolia. Angalia Ramadhani, ambayo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka; ikigongana na tamasha, panga mapema nani atajibu ujumbe wa usiku.

Kutoa gemu tarehe 27 Agosti kunavutia, lakini siku hizo magazeti ya gemu yamejaa habari za maonyesho ya Gamescom kule Cologne. Tarehe hiyo itumie kwa video ya picha za zamani na mpya, uwatumie waandishi wa historia. Gemu litoke Septemba au Novemba mwanzoni.

Jaza dodoso la maudhui kwa ukweli, damu na utumwa vikiwemo. Bila hilo, tangu Novemba 2024 gemu halionekani Ujerumani. Katika hesabu ya bei kumbuka Steam inakata asilimia 30, na mauzo ya Marekani hukatwa kodi ya asilimia 30 kwa mtengenezaji wa Tanzania, maana hakuna mkataba wa kodi kati ya nchi hizi mbili. Steam haiuzi kwa shilingi, na wengi hapa hawana kadi. Kwa hiyo wateja wa nyumbani usiwahesabu kwenye mapato. Wahesabu kwenye sauti, video na ushahidi.

Siku yenyewe na wiki inayofuata

Faili la mwisho lipandishe siku tatu kabla. Steam hupandisha sehemu zilizobadilika tu, lakini umeme ukikatika katikati ukiwa na bando la simu utajuta.

Alama ya jumla ya maoni haionekani mpaka yafike 10 kutoka kwa walionunua Steam. Waambie watu wako waliolipa waandike, kwa maneno yao. Funguo za bure, yaani namba za siri za kulifungua gemu bila kununua, hazihesabiwi humo. Mnunuzi anaweza kurudishiwa fedha ndani ya siku 14 kama hajazidisha saa mbili, kwa hiyo jambo bora la gemu lisisubiri saa ya tatu.

Watu watauliza kuhusu Beit al-Ajaib, iliyoporomoka sehemu yake Desemba 2020, na watakutaka uchangie. Usitangaze sehemu ya mapato kabla ya makubaliano ya maandishi na wahusika wa ukarabati. Anayekusahihisha tarehe au vazi mjibu siku hiyohiyo, useme kama ana haki, na sahihisho liingie kwenye toleo linalofuata, likitajwa kwenye orodha ya mabadiliko: "Saa imeondolewa usoni pa Beit al-Ajaib."