"Ameungua na pampasi": namna ya kuutazama upele wa mtoto na kumweleza nesi

Kliniki kwetu hakuna kauli ninayoisikia kama hii: "Nesi, mtoto ameungua na pampasi." Kila mtu anaielewa, ila mimi hainisaidii. Nyuma ya hilo "ameungua" nimeshakuta ngozi iliyochubuliwa na mkojo, fangasi, upele wa kuambukizana nyumba nzima, na mara moja baka la bluu la kuzaliwa nalo ambalo halikuwa ugonjwa hata kidogo. Dawa ya kimoja si dawa ya kingine, kwa hiyo tuanze kwa kutazama.

Hatua ya 1: Safisha, kisha sogea dirishani. Nawa mikono. Futa poda na krimu zote kwa pamba na maji ya uvuguvugu bila kusugua, ukaushe kwa kugusagusa. Tazama kwa mwanga wa mchana. Tochi ya simu huipa ngozi mng'ao na kupotosha rangi.

Hatua ya 2: Fungua mikunjo. Ukiwa na muda wa kufanya jambo moja tu, fanya hili. Panua taratibu mkunjo kati ya paja na kinena, uangalie ndani kabisa.

Kama mikunjo ni mizima na upele umekaa pale nepi inapogusa, yaani makalioni, juu ya kinena, chini ya tumbo na kwenye mapaja, mara nyingi huo ni mchubuko wa unyevu. Mkojo ukichanganyika na kinyesi, ngozi hupoteza uasidi wake kidogo unaoilinda, na vimeng'enya vya kinyesi, yaani vile vinavyosaga chakula tumboni, vinapata nguvu ya kuila. Ndiyo maana mtoto akiharisha siku mbili tu, makalio yanawaka.

Fangasi hufanya kinyume. Hupenda joto na unyevu, hivyo huingia ndani ya mkunjo, na pembeni ya baka kubwa utaona vipele vidogo vimetawanyika kama vifaranga wamemzunguka mama yao. Ukiviona, mfungue mtoto mdomo: je, kuna utando mweupe usiofutika? Kumbuka pia kama ametumia antibaiotiki wiki za karibuni. Na mchubuko wa kawaida ukizidi siku tatu, fangasi huweza kuingia juu yake, kwa hiyo usishangae kuona vyote viwili.

Hatua ya 3: Rangi. Vitabu vingi vinasema "wekundu", na akina mama wengi huniambia, "Mbona si mwekundu?" Kwa watoto wetu weusi, ngozi iliyowaka huweza kuwa nyeusi zaidi, ya kahawia iliyokoza au ya zambarau, wakati mwingine inang'aa tu. Linganisha na ngozi ya juu ya kitovu. Gusa kwa mgongo wa kiganja: ina joto? Imevimba? Mtoto anashtuka?

Hatua ya 4: Umbo. Tofautisha kipele kigumu, lengelenge lenye maji, kipele chenye usaha, mchubuko na kidonda. Malengelenge yanayopasuka na kuacha ukoko wa rangi ya asali ni dalili ya bakteria. Ngozi iliyowaka kuzunguka tundu la haja kubwa, yenye mpaka unaoonekana wazi, na mtoto analia akijisaidia, nayo huweza kuwa bakteria. Krimu ya fangasi haitaigusa. Ukiona mstari palepale penye lastiki, shuku pampasi yenyewe.

Hatua ya 5: Mvue nguo zote. Wengi huishia kwenye nepi. Magamba yenye mafuta kichwani hubadilisha hadithi yote: huenda tatizo si nepi. Vipele kwapani, viganjani na kwenye nyayo, huku watu wa nyumbani wakijikuna usiku, ni ule upele wa kuambukizana, na mtatibiwa wote. Mtoto mchanga mwenye ngozi inayobanduka viganjani na kwenye nyayo aletwe siku hiyohiyo, apimwe kaswende ya kuzaliwa nayo. Miguu iliyovimba pamoja na ngozi inayobanduka ni utapiamlo, si nepi.

Hatua ya 6: Eleza. Hivi ndivyo ningependa kusikia kwenye simu:

"Ana miezi 9. Leo siku ya tatu. Ulianzia makalioni baada ya kuharisha, sasa umeingia kwenye mikunjo ya mapaja. Ni wa zambarau, una vipele vidogo pembeni. Homa hana, ananyonya. Nimempaka poda, halafu mafuta ya mgando."

Hapo tayari nawaza fangasi kabla sijamwona. Picha itume kwa anayemtibu peke yake, si kwenye kundi la WhatsApp la akina mama.

Na usinifiche ulichopaka, sitakugombeza. Kuna tyubu za duka la dawa zenye dawa tatu ndani yake, mojawapo steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho. Upele hufifia siku mbili, kisha hurudi, na chini ya pampasi ngozi huinyonya zaidi na kuwa nyembamba. Njoo na boksi lake.

Wakati unasubiri, badilisha nepi mara tu inapolowa, mwache wazi juu ya kanga, na upake krimu ya zinki au mafuta ya mgando kwa tabaka nene. Poda iache kabisa, vumbi lake huingia mapafuni.

Homa, usaha, malengelenge, damu, mtoto wa chini ya mwezi mmoja, au siku tatu bila nafuu: acha simu, mlete.

Baada ya kupona, baadhi hubaki na mabaka meupe. Wiki iliyopita mama mmoja alirudi mbio akidhani fangasi imerudi. Nikapitisha kidole: ngozi laini, haina vipele wala magamba, mtoto anacheka. Ni rangi tu ambayo bado haijarudi, na huchukua wiki kadhaa, hata miezi. Nikamrudisha nyumbani bila dawa.