Angalia matundu kabla ya kununua waya wa runinga

Kama kompyuta na runinga unazotaka kuunganisha zote zina tundu la HDMI, tumia hilo: waya mmoja unabeba picha na sauti. VGA, ile yenye pini 15 na skrubu mbili, ni ya tangu 1987 na inabeba picha tu, kwa hiyo sauti inahitaji waya wake. Kompyuta yako ina VGA peke yake? Usinunue waya wa kawaida tu wenye VGA huku na HDMI kule. Hutaona kitu, maana VGA ni analogi na HDMI ni dijitali. Tafuta konveta, yaani kifaa kinachobadili analogi kuwa dijitali, inayopata umeme kwa USB na yenye waya wa sauti pia. Tundu la USB-C nalo lichunguze kwanza. Mengine yanachaji na kuhamisha mafaili tu, picha hayatoi kabisa.