Namna ya Kukitangaza Kitabu Bila Kuacha Kuandika

Mwandishi anayeishi kwa kalamu hawezi kupiga debe kila siku na bado akamaliza mswada unaofuata. Kabla ya kuanza, ni vyema aigawe kazi ya utangazaji katika mafungu mawili: ile inayofanywa mara moja ikaendelea kuuza kitabu kwa miaka, na ile inayokufa siku inapoachwa. Uzinduzi wenye hotuba na picha una raha yake, lakini uko katika fungu la pili. Mwongozo huu unaegemea la kwanza.

Anza na maelezo ya kitabu, yaani zile aya chache zinazosomwa nyuma ya jalada na katika ukurasa wa duka la mtandaoni. Aghalabu duka huonyesha mistari ya mwanzo tu, na msomaji hulazimika kubonyeza ili aone iliyobaki, kwa hiyo sentensi ya kwanza ndiyo inayobeba mzigo. “Riwaya hii inahusu mapenzi, usaliti na matumaini” haimvuti mtu, kwa kuwa ingeweza kubandikwa kwenye riwaya yoyote. Ilinganishe na hii: “Siku tatu kabla ya harusi ya bintiye, mjane anapokea barua yenye mwandiko wa mume aliyemzika.” Hapo msomaji amekwisha kujiuliza barua hiyo imetoka wapi. Kwa kitabu kisicho cha kubuni, taja mapema tatizo linalomsumbua msomaji na kile atakachoweza kukifanya akimaliza kusoma. Sifa za mwandishi zije mwishoni, tena kwa ufupi. Jalada nalo litazame kwenye simu, likiwa dogo kama linavyoonekana katika matokeo ya utafutaji, na kama jina la kitabu halisomeki, lirudishe kwa msanifu.

Taarifa za kitabu zinachosha kuzijaza, lakini ndizo zinazomfikisha mnunuzi dukani. Amazon humpa mwandishi anayejichapishia nafasi saba za maneno ya utafutaji. Usizipoteze kwa “riwaya nzuri” wala kwa maneno yaliyomo tayari katika jina la kitabu. Andika kile ambacho msomaji mwenyewe angekiandika, kwa mfano “hadithi ya upelelezi kijijini”. Hakikisha pia kwamba toleo la jalada laini na la jalada gumu kila moja lina ISBN yake, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, kwa sababu muuza vitabu huagiza kwa namba hiyo.

Nakala za awali zitume mapema. Majarida ya tahakiki yanayosomwa na wauza vitabu na wakutubi, kama Publishers Weekly, hutaka kitabu kiwafikie miezi kadhaa kabla ya kutoka, na kinachochelewa kwa kawaida hakitazamwi. Maoni ya wasomaji wa kawaida yaombwe bila kulipwa na bila kuwashirikisha ndugu, maana Amazon hukataza yote mawili.

Jambo ninalolipa uzito kuliko yote ni orodha ya barua pepe za wasomaji waliokubali wenyewe kuandikiwa. Mtandao wa kijamii ukibadilisha kanuni zake, wafuasi wako huenda wasikuone tena, ilhali orodha ni mali yako. Mahali bora pa kuwaalika ni ukurasa unaofuata sentensi ya mwisho ya kitabu, wakati msomaji bado ana hamu. Mwahidi sura ya ziada au hadithi fupi, na umpelekee kweli.

Matangazo ya kulipia yaje mwisho, baada ya hesabu. Kitabu pepe cha dola 4.99 chenye mrabaha wa asilimia 70 humwachia mwandishi takribani dola 3.49 kabla ya makato ya upakuaji. Ikiwa kila mbonyezo unagharimu senti 50 na mtu mmoja kati ya kumi ndiye anayenunua, kila nakala imetafuta mnunuzi wake kwa dola 5, nawe umepata hasara. Hesabu hiyo hugeuka pale kitabu kinapokuwa cha kwanza katika mfululizo na wasomaji wa kutosha wakaendelea hadi cha pili na cha tatu. Kwa hiyo mwenye kitabu kimoja afadhali aziweke fedha hizo kwa mhariri wa kile kinachofuata.